Weupe kwenye eksirei sio mfupa mpya: jibu kwa Somoe wa Mtwara

Swali la Somoe: "Shikamoo Dokta. Nasoma masters ya vetenari, kwa sasa nipo nyumbani Mtwara, Chikongola, nachakata data. Nilitengeneza chenga za kipandikizi cha mfupa kutoka kwenye ule mfupa mweupe wa dome, ndugu wa ngisi, tunaookota ufukweni Mikindani, nikaupika na dawa ya fosfeti mpaka ukawa haidroksiapataiti. Sungura 12, kila mmoja matundu mawili ya milimita 8 kwenye fuvu, moja nikajaza kipandikizi lingine nikaacha tupu. Sita niliwamaliza wiki ya 4, sita wiki ya 8. Wiki ya 4 eksirei inaonyesha tundu la kipandikizi jeupe karibu lote, nikapima kwa ImageJ (programu ya kupima picha) nikapata asilimia 60 ya mfupa mpya, tundu tupu asilimia 14, n=18 kwa kila kundi kwa sababu nina slaidi tatu kila tundu. Msimamizi kaniandikia 'hiyo asilimia 60 sio mfupa, pima upya' basi, hajasema nipime nini. Mafuvu ya wiki ya 4 yote nishayatengenezea slaidi za H&E (hematoksilini na eosini, rangi za kupaka tishu), ya wiki ya 8 bado yapo kwenye fomalini. Nifanyeje?"

Marahaba Somoe, pole na kazi. Msimamizi wako yuko sahihi kabisa ila kakuachia njiani, kwahiyo ntakujibu kirefu kidogo, na habari njema ni kwamba kwa vitu ulivyonavyo hapo Chikongola kazi yako inaokoleka karibu yote.

Tuanze na hiyo asilimia 60. Eksirei haijui mfupa, inajua kitu kinachozuia mionzi, na kwenye fuvu kinachozuia mionzi ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Sasa haidroksiapataiti uliyoitengeneza ni ndugu wa damu wa madini yaliyomo kwenye mfupa, tena ya kwako haina kolajeni (nyuzi za protini) wala maji mengi ndani yake kama mfupa wa kweli kwahiyo chenga zenyewe zinaweza kung'aa kuliko hata mfupa mchanga wa wiki 4. Yaani tundu lako lilikuwa jeupe kabla sungura hajazinduka kwenye nusu kaputi. ImageJ imekuhesabia ulichokiweka mwenyewe pamoja na kilichoota, ikavijumlisha, na haina kosa maana ndo ulichoiambia ifanye. Alafu eksirei ya kawaida ni kivuli, mifupa ya chini ya fuvu nayo inaangukia kwenye picha ileile, kwahiyo hata hiyo 14 ya tundu tupu usiiamini sana.

Je ulipiga eksirei siku ileile ya upasuaji, mara tu baada ya kushona? Kama ulipiga, itafute, ipime kwa njia ileile uone ilikuwa asilimia ngapi siku sifuri. Kama hukupiga bado kuna njia: tafuta mtu anayechinja sungura wa nyama, omba kichwa cha mwenye umri na uzito kama wa wako, toboa tundu lilelile la milimita 8, jaza uzito uleule wa chenga, rudisha ngozi juu, piga eksirei kwa seti zilezile za mashine. Ukikuta tayari ni 55 hutahitaji mtu wa kukueleza msimamizi alimaanisha nini. Ila usije ukachukua 60 ukatoa 55 ukasema mfupa mpya ni 5, hapana, kwa sababu kufikia wiki ya 4 chenga nyingine zimeshaliwa na nyingine zimehama, hiyo siku sifuri ni ya kukuonyesha ukubwa wa tatizo, sio ya kufanyia hesabu ya kutoa.

Kwahiyo kipimo chochote utakachotumia, iwe slaidi, iwe maikro-CT (skani ya eksirei ya pande tatu kwa vitu vidogo), iwe nini, lazima kiwe na uwezo wa kukutenganishia vitu vitatu ndani ya tundu: mfupa mpya, kipandikizi kilichobaki, na nyama laini (nyuzi, mishipa, uboho). Kipimo kisichoweza kutenganisha hivyo vitatu hakipimi mfupa mpya hata kama mashine yake imenunuliwa kwa mamilioni.

Sasa slaidi zako za wiki ya 4. H&E maana yake uliyalainisha mafuvu kwanza kwa EDTA (kemikali inayonyonya kalsiamu) au asidi ndo ukakata. Hapo kuna jambo wengi hawalifikirii: kile kilichotoa kalsiamu kwenye mfupa kimetoa pia kipandikizi chako, maana chote ni kalsiamu. Mfupa ukitolewa kalsiamu unabaki na kolajeni, ndo maana unauona wa pinki, ila chenga zikitolewa kalsiamu hazibaki na kitu, linabaki shimo tupu. Kwahiyo usitafute chenga, tafuta mashimo yenye umbo la chenga. Shimo la chenga lina kona kona, halina ukuta wake, ndani hamna seli, na pembeni yake mara nyingi utakuta yale majitu makubwa ya seli zenye viini vingi yakijaribu kuila chenga. Nafasi ya uboho ni tofauti, ina duara duara, ina seli za mafuta na za damu ndani, na ukingoni kuna mstari wa seli nyembamba. Ukizoea dakika kumi za mwanzo hutavichanganya tena, ila angalia na mipasuko ya kisu, ile ambayo inakata hata mfupa wa zamani pembeni, hiyo ruka.

Mfupa mpya wenyewe nao una sura yake. Wiki ya 4 kwa sungura unategemea zaidi mfupa wa haraka haraka, kolajeni imekaa ovyo ovyo, vijishimo vya osteosaiti (seli zinazoishi ndani ya mfupa) ni vikubwa, vingi, vimetapakaa bila mpangilio. Mfupa wa zamani wa fuvu pembeni una mistari imelala sambamba, vijishimo vidogo vimejipanga. Kama maikroskopu yako ina vioo vya kupolaraizi vitumie, mfupa wa zamani utang'aa kwa mistari, mchanga utakuwa na mng'ao wa vipande vipande. Alafu tafuta sehemu mfupa unapoendelea kuota sasa hivi: utaona osteoblasti, yaani seli zinazojenga mfupa, zimejipanga safu moja, nono, viini vimesogea upande mmoja, na chini yao utepe wa osteoidi, yaani mfupa mpya ambao haujapata kalsiamu. Osteoidi kwenye H&E ya mfupa uliolainishwa inatofautika kwa shida sana kwa sababu kila kitu hakina kalsiamu tena, kwahiyo kwenye slaidi hizi usijidai unapima osteoidi, sema tu "mfupa mpya" na uandike kwenye mbinu kwamba osteoidi imo humohumo.

Kuhesabu sasa. Weka zile programu za kuchagua rangi ya pinki pembeni, kolajeni ya kovu nayo ni pinki na zitakudanganya. Hesabu kwa nukta. Mwaka 1847 mtu wa miamba Mfaransa anaitwa Delesse alionyesha kwamba ukikata jiwe, sehemu ya eneo ambayo madini fulani yanachukua kwenye uso uliokatwa inakupa makadirio ya sehemu ya ujazo yanayochukua kwenye jiwe zima, na watu wa mifupa mpaka leo tunaishi kwa hiyo. ImageJ, ambayo ni ya bure, inakuwekea gridi ya misalaba juu ya picha. We unapita msalaba mmoja mmoja unaandika M (mfupa mpya), K (kipandikizi) au L (nyama laini), basi. Unachosha, ndio, lakini macho yako yaliyofundishwa yanatofautisha shimo la chenga na shimo la uboho na programu ya rangi haiwezi.

Tuseme kwenye tundu la kipandikizi una misalaba 200, M ni 44, K ni 76, L ni 80. Mfupa mpya ni asilimia 22, kipandikizi 38, laini 40. Unaona? 22 na 38 ndo zinakupa 60 ya eksirei. Sijasema zako ndo hizi, nakuonyesha tu 60 inavyoweza kuzaliwa.

Hapa ndo pana ugomvi wa kweli kwenye fani yetu kwahiyo nikae kidogo. Hiyo 22 imegawanywa kwa tundu zima. Mtu mwingine atasema hapana, mfupa haukuwa na ruhusa ya kuota pale ambapo chenga zimekaa, nafasi iliyokuwepo ni 124 tu (200 kutoa 76), kwahiyo mfupa mpya ni 44 kwa 124, yaani asilimia 35 na ushee. Sungura mmoja, slaidi moja, macho yaleyale, na majibu mawili, 22 na 35. Tundu tupu halina K kwahiyo lenyewe, tuseme nalo kwa nukta limetoa 14, linabaki 14 vyovyote vile. Ukichagua 35 kipandikizi chako kinaonekana shujaa, ukichagua 22 kinaonekana kizuri wastani. Zote mbili zina maana, tofauti ni swali. Ya kwanza inajibu swali la daktari wa upasuaji: tundu hili limezibwa na mfupa kiasi gani? Maana mgonjwa aliyeanguka kwenye mnazi huko Mchinga au kwenye bodaboda hatembelei chenga, anatembelea mfupa. Ya pili inajibu swali la mtengeneza kipandikizi: je chenga hizi zinaupenda mfupa au zinaufukuza? Mimi ningeweka 22 kuwa kipimo kikuu na 35 kuwa cha nyongeza, zote kwenye jedwali moja, na K nayo ionekane peke yake. Usichague baada ya kuona ipi imetoka nzuri, andika leo kabla hujafungua picha ya kwanza umtumie msimamizi kwa imeili, ili tarehe ibaki.

Na mpaka wa tundu uchore vipi? Hili nalo linaua theses nyingi. Tundu tupu linazama, ngozi ya juu inashuka ndani, unabaki na utepe mwembamba wa kovu kati ya kingo mbili. Mtu akichora mpaka kufuata nyama iliyopo, eneo la chini ya mstari wa kugawia linakuwa dogo na asilimia ya mfupa inapanda bure, yaani tundu tupu linaonekana limepona kuliko lilivyo. Tundu la kipandikizi chenga zinalishikilia wazi, nalo linaonekana baya kuliko lilivyo. Kwahiyo mpaka ni wa tundu la asili siku ulipotoboa: upana milimita 8, unene ni ule wa fuvu la zamani pande zote mbili, mstari unyooke kutoka ukingo mpaka ukingo juu na chini hata kama katikati ni hewa. Mfupa ulioota nje ya hapo, juu ya fuvu au upande wa utando wa ubongo, hesabu kivyake ukitaka.

Hiyo milimita 8 ni pale kisu kilipopita katikati ya tundu tu. Tundu ni duara. Ukikata milimita 3 nje ya katikati, upana unaouona ni kama milimita 5.3, na uko karibu na ukingo ambako mfupa huwa unaanzia kuota, basi slaidi hiyo itakupa asilimia kubwa ambayo sio ya tundu zima. Pima upana kwenye kila slaidi, na kumbuka tishu inasinyaa kidogo kwenye alkoholi na parafini kwahiyo usitegemee 8 kamili, ila ukikuta 5 jua uko pembeni. Kama slaidi zako tatu za kila tundu zote zimetoka sehemu moja zimefuatana, hizo kwangu ni slaidi moja iliyopigwa kopi. We ni mtu wa Mtwara unajua korosho zinavyopimwa ghalani, mpimaji hachomi bambo kwenye gunia moja la juu akatangaza gredi ya lori zima, anachoma huku na huku, na la chini pia. Na slaidi vilevile: gawa tundu kwa hatua sawa, ya kwanza chagua kwa bahati nasibu ndani ya hatua ya kwanza, zinazofuata zifuate umbali uleule mpaka mwisho wa tundu. Kama bado una bloku za parafini unaweza kurudi ukakata zaidi, usizitupe.

Sasa hiyo n=18. Futa. Sungura ni 6, n ni 6. Slaidi tatu za tundu moja zinakubaliana kwa sababu ni za mnyama mmoja, haziwezi kupiga kura tatu. Chukua wastani wa slaidi tatu iwe namba moja ya tundu hilo. Na kwa kuwa tundu la kipandikizi na tundu tupu viko kwenye kichwa kimoja, linganisha kwa jozi, kila sungura na yeye mwenyewe, hii inakusaidia maana sungura mmoja anaota mfupa haraka kuliko mwenzie na hilo linajifuta lenyewe. Na 6 ni wachache, ukiona tofauti haijafika pale takwimu zinapotaka usiandike "hakuna tofauti", andika tofauti ni kiasi gani na mpaka wake wa mashaka unaanzia wapi unaishia wapi.

Kuhesabu kwenyewe fanya ukiwa hujui slaidi ni ya kundi gani. Najua utasema chenga zinaonekana tu, mashimo yanajitangaza, kweli, huwezi kujificha kabisa na tundu tupu. Ila unaweza kufichwa sungura ni yupi na wiki ni ipi. Mwambie mdogo wako hapo nyumbani abandike namba mpya juu ya lebo, orodha abaki nayo yeye. Alafu baada ya wiki mbili rudia baadhi ya slaidi bila kuangalia majibu ya mwanzo, na mtu wa pili ahesabu zilezile, uripoti mnakubaliana kiasi gani. Kama wewe mwenyewe hukubaliani na wewe mwenyewe basi tofauti ya 22 na 14 haina kazi.

Twende kwenye mafuvu ya wiki ya 8, hapo ndo una bahati. Kwanza yatoe kwenye fomalini. Fomalini iliyokaa sana na haina bafa inakuwa na asidi na asidi inalamba kalsiamu polepole, na kwa joto la Mtwara sipendi kabisa. Yahamishie kwenye alkoholi ya asilimia 70, vifuniko vikaze. Alafu usiyalainishe yote. Kata kila tundu katikati, nusu moja ilainishwe na ifanyiwe H&E kama za wiki ya 4 ili ulinganishe wiki na wiki kwa kipimo kilekile (ukibadilisha mbinu katikati ya njia huwezi kujua kilichobadilika ni mfupa au mbinu), na nusu ya pili ipachikwe kwenye plastiki ngumu ya methakrileti bila kutoa kalsiamu. Hii inahitaji maabara yenye msumeno wa almasi na mashine ya kusaga, na inachukua wiki kadhaa, plastiki ikiganda kwa haraka inachemka na kutoa mapovu. Ila matokeo yake ni kitu kingine. Unasaga mpaka unene wa mikromita 50 au chini ya hapo, unapaka toluidini bluu, na chenga zako zipo! Hazijayeyuka. Utaziona kama vipande visivyo na seli, kingo kali, na mfupa mpya wa bluu wenye vijishimo umezigusa au haujazigusa. Hapo unaweza kupima kitu ambacho H&E haikupi vizuri, sehemu gani ya mzingo wa chenga imegusana moja kwa moja na mfupa bila utando wa nyuzi katikati. Kwa kipandikizi cha dome hicho kipimo kwangu kina thamani kuliko hata hiyo asilimia ya jumla. Ukipaka trikromu ya Goldner unapata na osteoidi, nyekundu, dhidi ya mfupa wenye kalsiamu, kijani.

Kuhusu dome yenyewe: wazo ni zuri na lina ukoo. Roy na Linnehan mwaka 1974 walionyesha kwamba mifupa ya matumbawe, ambayo ni kalsiamu kaboneti, inaweza kupikwa na fosfeti kwa joto na presha ikageuka haidroksiapataiti huku vitundu vyake vikibaki, na dome nayo ni kaboneti ya aina hiyohiyo, aragonaiti. Tena umefanya vizuri kutogusa matumbawe, Ghuba ya Mnazi ni hifadhi ya bahari tangu 2000 na huko tumeshachoma chokaa ya kutosha. Lakini hakikisha ulipima kwa XRD (kipimo cha eksirei cha kutambua aina ya madini) kwamba kaboneti imegeuka yote. Kaboneti inayeyuka mwilini haraka, haidroksiapataiti inakaa miaka, kwahiyo kama unga wako ni mchanganyiko, K itashuka kati ya wiki ya 4 na ya 8 kwa sababu ya kemia na wewe utadhani seli zinafanya kazi nzuri ya kula.

Maikro-CT umeisikia na utaulizwa. Ni nzuri, inakupa tundu zima kwa pande tatu badala ya vipande vitatu, na mafuvu hayaharibiki kwahiyo unaweza kuyapitisha humo kabla ya kuyakata. Ila kwa kipandikizi kama chako tatizo ni lilelile la eksirei, limevaa nguo nzuri tu. Mtu anachagua kiwango cha kukatia, juu ya hapo mfupa chini ya hapo sio. Mfupa mchanga una madini kidogo, chenga zina mengi, unadhani utaweka viwango viwili na mambo yameisha. Kumbe ukingoni mwa kila chenga kuna vokseli (vijichemba vya picha ya pande tatu) ambazo nusu ni chenga nusu ni nyama, wastani wake unaangukia palepale kwenye kiwango cha mfupa, na programu inakuchorea ganda jembamba la "mfupa" kuzunguka kila chenga hata kama hakuna seli hata moja. Chenga zikiwa ndogo na nyingi hayo maganda yanajumlika kuwa asilimia nzito. Dawa yake ni kumenya vokseli moja mbili kuzunguka chenga kabla ya kuhesabu, kupitisha na ile sampuli ya siku sifuri ya kichwa cha sungura wa nyama (humo mfupa mpya lazima utoke sifuri, usipotoka sifuri hilo ndo kosa la kipimo chako), na kulinganisha na slaidi za tundu lilelile. Mwongozo wa Bouxsein na wenzake wa 2010 unaeleza ya kuripoti: ukubwa wa vokseli, kiwango cha kukatia, kilivyochaguliwa.

Kitu ambacho huwezi kukipata tena kwa sungura hawa ni kasi. Nakuambia kwa ajili ya mradi unaofuata. Tetrasaiklini, hiihii ya vidonge ambayo hawapewi wajawazito na watoto kwa sababu inapaka meno rangi, inakamata kalsiamu pale mfupa unapowekwa siku hiyo, na ukimulika kwa mwanga wa zambarau inang'aa njano. Daktari wa mifupa Harold Frost ndo aliifanya kuwa kipimo: unampa mnyama dozi, unasubiri siku unazozijua, unampa rangi nyingine mfano kalseini ambayo ni ya kijani, alafu kwenye slaidi unapima umbali kati ya mistari miwili. Mikromita 18 kwa siku 10 ni mikromita 1.8 kwa siku. Uzuri wake ni kwamba inaonyesha mfupa ulioota mnyama akiwa hai baada ya upasuaji, chenga ya zamani haiwezi kuwa na mistari miwili iliyoachana vizuri, ingawa uso wa chenga unaweza kukamata rangi kidogo kwahiyo mstari mmoja peke yake usiuhesabu. Inataka slaidi za plastiki, ukilainisha kwa asidi au EDTA rangi inaondoka na kalsiamu yake.

Hii ingekusaidia hasa kama msimamizi atakuambia uongeze kundi la mfupa wa mnyama mwenyewe, ule ambao kwa binadamu huchukuliwa kwenye nyonga. Wengi hudhani kundi hilo ni rahisi kupima. Hapana, hilo ndo gumu kuliko yote, maana ulichopandikiza ni mfupa kweli, una kolajeni, una vijishimo, pinki kwa pinki. Pa kushikia ni kwamba vipande vya zamani vimekufa, vijishimo vyake viko tupu havina viini, na mfupa mpya una viini ndani, ila nako kukata vibaya kunaweza kumwaga viini. Kwa rangi mbili za kung'aa unajua bila kubishana.

Na jina la tundu lako. Usiandike kwamba ni tundu lisiloweza kupona lenyewe. Maana hiyo iliwekwa na Schmitz na Hollinger 1986, jeraha dogo kabisa la mfupa ambalo halitapona lenyewe maisha yote ya mnyama, na kwa fuvu la sungura kipimo kilichozoeleka ni milimita 15, 8 ni ya panya. Tundu lako tupu litaendelea kujaa. Sio kosa, linapima nani anawahi badala ya nani anaweza, we andika hivyo tu, na hapo ndo utaona kwa nini wiki ya 4 yako inaweza kuwa na maana kuliko ya 8, maana kufika wiki ya 8 tundu tupu linaweza kuwa limeshaikaribia ya kipandikizi.

Kabla hujahesabu msalaba wa kwanza piga picha ya rula ya maikroskopu kwa kila lenzi utakayotumia, uiseti ImageJ kwa hiyo, na tumia lenzi moja kwa kazi yote. Alafu nitumie picha tatu, moja ya katikati ya tundu la kipandikizi, moja ya ukingo, moja ya tundu tupu, zikiwa na mstari wa kipimo, bila kuniambia ni sungura yupi. Ntazihesabu na mimi kwa gridi ileile ya 200, uwe na mtu wa pili.